Kidole Juu ya Jina

Muuzaji aliitandaza nakala ya logbuku juu ya boneti, akaibana kwa kidole gumba ili upepo wa Nyali usiichukue. Nikaona namba ya gari, nikaona rangi, nikaona mwaka wa kuundwa. Jina la mwenye gari sikuliona, maana ndipo kidole kilipokaa. Nami sikumwambia akiondoe. Nilikuwa nimeshaonja usukani, nimeshasikia baridi ya kiyoyozi, na moyoni gari nimeshaliegesha nyumbani. Nikalipa. Logbuku yenye jina langu niliipata baada ya miezi kumi na minne.

Tangu hapo, kila nikikutana na watu wa biashara hii nawauliza swali hilo hilo: kujua gari ni la nani ni kazi ya anayenunua au ya anayeuza? Majibu yamegongana mno, nikaona heri niwaketishe pamoja kwenye ukurasa huu. Majina yao nimeyaacha, nimewaita kwa kazi zao. Na maneno nimeyapanga mimi ili yajibizane. Hoja iliyo mbele yao ni hii: kupekua umiliki ni juu ya mnunuzi, yadi ikishaonyesha gari, imemaliza kazi yake.

MWENYE YADI: Naiunga mkono hoja, wala sioni haya. Yadini kwangu mna magari ya namna mbili. La kwanza ni lile lililoteremka melini. Halijasajiliwa, likitoka kwenda kujaribiwa linavaa namba za KD. Hilo nimeliagiza mwenyewe na makaratasi yake ninayo: cheti cha Japani cha kulifuta kwenye daftari lao, hati ya meli, risiti za ushuru. Hata umri wake umebanwa, kwa kuwa kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Hapo sina ugomvi na mtu.

La pili ni gari la hapa hapa. Mtu ameliendesha miaka mitatu, sasa anataka kubwa zaidi; ananiachia lake na kuongeza juu. Au ananiambia, niuzie, chako ukate. Gari hilo halina jina langu, na sitaki liwe nalo. Nikilihamishia kwangu leo na kwako kesho, ada italipwa mara mbili, na ile hesabu ya wamiliki waliotangulia iliyo kwenye logbuku itapanda. Wewe huyo huyo utakuja kuniambia: gari limepita mikono mingi, punguza. Upekuzi upo kwenye eCitizen, shilingi 550, na jibu unalipata umekaa. Mtu anayenunua kitu cha milioni moja na laki mbili akishindwa na 550, kosa langu liko wapi?

MNUNUZI: Bwana mkubwa, 550 ninazo. Nisichokuwa nacho ni namba ya gari. Picha mnazotangaza namba zimepakwa weupe. Nikipiga simu kuiuliza naambiwa, wewe njoo ulione kwanza. Nikija naambiwa, kwani hutuamini? Nikishatoa kianzio ndipo naonyeshwa. Namba ndiyo ufunguo wa upekuzi. Mkiishika nyinyi mpaka pesa zangu ziwe mfukoni mwenu, mmeniuzia mbuzi kwenye gunia, kisha mwaniuliza mbona sikumkagua meno.

DALALI: Hapo niseme kweli, maana weupe huo naupaka mimi. Siifichi namba kwa sababu yako wewe, ndugu yangu. Nawaficha madalali wenzangu. Mmoja akiiona namba, atapekua, atalipata jina, atamtafuta mwenye gari na kumwambia, mimi nitakuuzia kwa bei nzuri zaidi. Kesho gari halipo, nami nimebaki na jua langu.

MNUNUZI: Kumbe upekuzi mnaujua vizuri na mnautumia kila siku. Asiyetakiwa kuutumia ni mteja.

DALALI: Sikusema hivyo.

MNUNUZI: Hukusema. Umefanya.

FUNDI: Mnagombania karatasi, nami kazi yangu ni chuma. Nitawapa kisa kimoja. Kijana aliniletea Fielder nimkagulie kabla ya kulipa. Alikuwa amefanya upekuzi kama mnavyohimiza: jina limekuja, rangi nyeupe, namba ya chesisi inaanza na NKE165. Jina kwenye upekuzi na jina kwenye logbuku ni moja. Akaniambia, fundi, karatasi ziko sawa, wewe nisikilizie injini tu.

Nikafungua boneti. NKE165 ni Fielder ya haibridi. Gari la haibridi lina nyaya nene za rangi ya chungwa zinazobeba umeme mkubwa. Hazijifichi, kwa kuwa zimepakwa rangi ile makusudi ili fundi asizishike ovyo. Nikatafuta, hakuna. Nikaenda nyuma kutafuta betri kubwa, hakuna. Ilikuwa Fielder ya petroli tupu, ile ya NZE161. Nikachukua karatasi nyembamba na penseli, nikaiweka juu ya namba iliyogongwa kwenye chuma, nikasugua taratibu kama mtoto anavyochora sarafu. Herufi zikajitokeza. Herufi za kiwandani zina kina kimoja na zimekaa kwenye mstari mmoja. Hizi K yake ilikuwa imeinama, na tano ya mwisho imezama kuliko wenzake. Pembeni chuma kilikuwa laini mno, kama ngozi juu ya kovu.

Maana yake nini? Kuna Fielder ya haibridi mahali ilipondeka ikafa, makaratasi yake yakabaki hai. Yakatafutiwa mwili mwingine. Mwili huo ulitoka wapi, hilo ni la polisi. Upekuzi haukusema uongo. Ulieleza habari za gari jingine.

MWENYE YADI: Hayo ni ya wezi, si ya wafanyabiashara.

FUNDI: Sikusema ni ya wafanyabiashara. Lakini lilikuwa limeegeshwa yadini.

WAKILI: Kabla hamjachafuana, nieleze mahali sheria ilipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8, inasema aliyesajiliwa ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitike vinginevyo. Kifungu kinachofuata hakitaki gari lililobadilisha mikono litumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Kwa hivyo yale magari yanayotembea mwaka mzima kwa jina la mtu wa zamani yanavunja sheria kila asubuhi yakiwashwa.

Kisha iko Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31. Kifungu cha 23 kinasema aliyeuza kisicho chake, bila ruhusa ya mwenyewe, hampi mnunuzi haki kubwa kuliko aliyo nayo yeye, isipokuwa kama mwenendo wa mwenye mali unamzuia kukana. Ukinunua kwa asiye na haki, umenunua kutokuwa na haki, hata kama ulilipa bei kamili na ukapewa soda. Na sheria hiyo hiyo inamhesabu kila muuzaji kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza, hata asipotamka. Mwenye yadi, ahadi hiyo ni yako. Ukisema umeshaonyesha gari basi umemaliza, hujamaliza.

MWENYE YADI: Nikiuza kwa niaba ya mtu, muuzaji ni yeye.

WAKILI: Basi tuonyeshe kwamba amekutuma. Barua iko wapi?

MWENYE YADI: Biashara hii huenda kwa kuaminiana, ndugu wakili.

WAKILI: Yeye na wewe mnaaminiana. Mnunuzi hayumo. Na niongeze jambo ambalo hata wanaopekua hulisahau. Gari likiwa na mkopo, mara nyingi jina la benki hukaa pamoja na la mwenyewe kwenye logbuku, na hilo shilingi 550 zitalifichua. Lakini iko sheria ya 2017 ya dhamana katika mali inayohamishika. Kwa sheria hiyo mkopeshaji anaweza kuisajili dhamana yake kwenye daftari jingine kabisa, na daftari hilo lina upekuzi wake. Nimewaona watu waliopekua la kwanza, wakafurahi, wakaja kunyang'anywa gari kwa sababu ya la pili.

Na hapa Mombasa tuna mtihani wetu wa bandari. Magari yanayopita kwenda Uganda, Kongo na Sudan Kusini hayalipiwi ushuru wa Kenya. Likichepuka moja likauzwa huku kwetu, serikali inakuja kulidai gari, na anayekutwa nalo ni wewe. Vilevile gari lililoingia kwa msamaha wa ushuru: msamaha ni wa mtu, hauhami na usukani. Kwenye logbuku mna habari za ushuru. Zisome kama unavyolisoma jina.

MNUNUZI: Mbona sasa yote yamerudi juu yangu? Nipekue huku, nipekue kule, nilete fundi na penseli. Yadi itafanya nini?

BI MKUBWA: Wanangu, mimi nimewasikiliza. Mnazungumza kana kwamba watu ni wawili, anayenunua na anayeuza. Na mimi je, niliyekuwa na jina?

MWENYE YADI: Shikamoo, Bi Mkubwa. Karibu.

BI MKUBWA: Marahaba, mwanangu. Nilikuwa na Probox ya kubebea vitumbua na mahamri kupeleka madukani. Nikaipeleka yadini, nikaongeza pesa, nikachukua gari jingine. Wakaniambia, Mama, tuachie logbuku, tuachie nakala ya kitambulisho na PIN, na neno la siri la akaunti ili tusikusumbue. Nikawapa vyote, nikashukuru kwa kutosumbuliwa. Mwaka wa pili ikaja barua ya wakili. Probox yangu imemgonga mwendesha bodaboda Mtwapa, mguu umevunjika, nami nadaiwa fidia. Mimi! Siku hiyo nilikuwa harusini Lamu.

Nikaenda yadini kuuliza gari waliliuzia nani. Wakasema walimuuzia fulani. Fulani akasema aliliuza kwa mwingine. Wote wamelipanda, hakuna aliyelitia jina lake. Kwa sheria ya kijana wangu wakili, mwenyewe ni mimi.

WAKILI: Mpaka ithibitike vinginevyo, Bi Mkubwa.

BI MKUBWA: Na kilichothibitisha ni karatasi moja ya daftari la mwanafunzi. Marehemu mume wangu alikuwa na duka, akipenda kusema mali bila daftari huisha bila habari. Nilimlazimisha yule kijana wa yadi aandike: leo tarehe kadha nimepokea gari hili kwa mama huyu, akatia sahihi, na mashahidi wawili wakatia zao. Alicheka akiandika. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani haikuja kuzungumzia saumu wala hija. Imekuja kuzungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Sisi tunaisoma, tukifika yadini tunaambiana tuaminiane.

Basi mimi naipinga hoja, lakini si kwa ajili ya mnunuzi. Naipinga kwa ajili yangu. Mnunuzi asipopekua na yadi isipomlazimisha kuhamisha, jina langu linaendelea kutembea barabarani bila mimi.

MWENYE YADI: Bi Mkubwa, hilo limenigusa. Neno la siri la mtu sitalichukua tena, hilo nakubali mbele ya watu. Lakini nisikilizeni na mimi. Nusu ya wenye magari yanayoletwa kwangu hawako Mombasa. Mmoja yuko Doha, mwingine yuko Jeddah, gari amelileta shemeji. Mkiniambia mwenye jina awepo yadini, nifunge biashara?

WAKILI: Hakuna aliyesema apande ndege. Uhamisho siku hizi huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, na mnunuzi huukubali kwenye ya kwake. Aliye Doha anaweza kuuanzisha akiwa kitandani. Asipotaka, na ampe shemeji uwakala wa kisheria kwa maandishi. Kinachohitajika ni aitikie simu, aseme: ndiyo, gari ni langu, nimemtuma fulani, bei ni hii.

MWENYE YADI: Na asipoitika?

WAKILI: Basi huna gari la kuuza. Una gari la kulinda.

Hapo ndipo na mimi niliyewaketisha nilipoona nitoe langu. Jina lililokuwa chini ya kidole siku ile lilikuwa la marehemu.

Sikulijua mpaka wiki ya tatu, nilipokuwa nikingoja uhamisho ambao kila siku ulikuwa kesho. Walioleta gari yadini walikuwa wanawe wawili. Hawakuwa wezi. Baba alikuwa amefariki, gari limekaa uani linaota kutu, pesa za matumizi zinahitajika. Ila mirathi ilikuwa haijafunguliwa, na walikuwepo dada zao ambao hawakuulizwa. Mali ya maiti haiuzwi na mwenye ufunguo; sheria ya urithi, Sura ya 160, inaliita kosa kuigusa bila mamlaka ya mahakama. Ikabidi mambo yapelekwe kwa Kadhi, msimamizi ateuliwe, dada wapate haki yao, ndipo apatikane mtu mwenye uwezo wa kunihamishia. Miezi yote hiyo gari lilikuwa uani kwangu kama lilivyokuwa uani kwao. Niliogopa kuliendesha.

Je, 550 zingeniokoa? Nimejiuliza sana. Ningepekua ningepata jina, namba ya chesisi, kila kitu kinalingana. Jina halina alama ya uhai. Karatasi ingeniambia gari ni la fulani, na isingeniambia fulani amezikwa. Lakini yadi ilikuwa inajua kitu ambacho daftari la serikali halikujua: iliwaona waliolileta. Iliona vijana wawili wa miaka ishirini na kitu wakileta gari lenye jina la mtu mwingine, na haikuuliza, au iliuliza ikanyamaza.

Hapo ndipo ninapoiona hoja ikipasuka. Jina linapatikana na yeyote mwenye simu, na mnunuzi asiyelitafuta asimlaumu mtu. Uso haupatikani mtandaoni. Aliyeuona uso wa mleta gari ni yadi peke yake, na wajibu hukaa kwa anayejua. Kazi ya mnunuzi ni kulipekua jina. Kazi ya yadi ni kulipa jina hilo uso: huyu hapa, au hii hapa sauti yake, au hii hapa barua ya msimamizi wa mirathi.

MWENYE YADI: Kwa kusema hivyo kila yadi ingepaswa kubandika upekuzi wa siku hiyo kwenye kioo cha gari.

MNUNUZI: Shilingi 550 kwa gari la milioni. Umesema mwenyewe ni kitu kidogo.

MWENYE YADI: Nikibandika, na jirani yangu asibandike, akauza kwa elfu hamsini chini yangu, wateja mtakuja kwangu?

Mnunuzi hakujibu mara moja, na nadhani huo ndio ulikuwa wakati wa kweli kuliko wote katika mjadala huu. Tunapenda usalama, lakini elfu hamsini tunazipenda zaidi, na soko linajua.

WAKILI: Basi angalau shikeni utaratibu. Omba namba kabla ya kwenda, ukinyimwa, usiende. Pekua mwenyewe, kwa simu yako, siku ile ile unayotaka kulipa. Upekuzi aliokuchapishia mtu mwingine mwezi uliopita hausemi lolote kuhusu leo. Linganisha jina na kitambulisho, chesisi na chuma. Pekua na daftari la dhamana. Zungumza na mwenye jina. Andikianeni, na mashahidi wawepo. Na kipande kikubwa cha pesa kibaki kwako mpaka uhamisho uwe umeanzishwa na umeuona kwenye akaunti yako.

BI MKUBWA: Jina litangulie, pesa zifuate.

DALALI: Na mimi chai yangu?

BI MKUBWA: Chai yako ifuate pesa, mwanangu. Ndivyo mambo yalivyo na adabu.

Hatukupiga kura. Mwenye yadi aliondoka akisema atafikiria habari ya kubandika, na fundi akamuuliza kama anahitaji penseli.

Mwezi uliopita nilirudi yadini, safari hii nikimsindikiza mpwa wangu anayetafuta gari la kwanza. Gari likapendeza, kijana akakaa kwenye usukani, uso wake nikauona umeshafika nyumbani. Muuzaji, mtu mpole tu mwenye kanzu safi, akatandaza nakala ya logbuku juu ya boneti na kuibana upepo usiichukue. Nikasogea.

"Samahani, kaka," nikamwambia. "Kidole."